Mahali Alipolala Nyaguthii

Yamumbi, Eldoret
17 Januari 1971

Kiarie ndugu yangu,

Barua yako ya Krismasi imefika juzi, imejikunja na ina mchanga ndani. Watoto wangu wameukusanya mchanga wote wakautia kwenye kifuniko cha chupa, na sasa Wamucii anawaita wenzake waje waone: huu ni wa ziwa la mjomba.

Nikupe habari kubwa. Kamati ya kampuni yetu ya ardhi imetangaza kwamba shamba litagawanywa mwaka huu. Vigingi vimeanza kupigiliwa, na baada ya Pasaka kila mwenye hisa atachukua kura na kuonyeshwa ploti yake. Baba hana neno lingine. Anataka uje. Mimi nilidhani anataka mwanamume wa kusimama naye siku hiyo, maana wale wazee wa kamati wakiniona hunitazama kama mtu aliyepotea njia. Kumbe sivyo. Jana jioni aliniambia, "Andikia Kiarie. Mwambie yeye ni mtu wa kupima. Aje anitafutie mama yake."

Unajua nusu ya jambo hili, nami najua nusu. Mama alizikwa kwenye shamba hili hili, siku zile Baba akiwa kibarua wa yule Mzungu tuliyemwita Bwana Kofia na sisi tukiishi kwenye vibanda vya wafanyakazi. Wewe nilikuwa bado nakubeba mgongoni. Watoto hatukupelekwa kaburini. Kisha Hali ya Hatari ikaja, Wakikuyu wote tukapakiwa kwenye lori na kurudishwa Nyeri, na msalaba wake wa mbao ukabaki na ngano. Mara ngapi nimemuuliza Baba kwa nini aliacha Nyeri akaja kununua hisa huku mbali, naye hajibu? Sasa amejibu. Alikuwa akingoja shamba hili lenyewe liuzwe.

Kila asubuhi anaingia kwenye mabua na fimbo yake. Juzi alijikwaa akachubuka goti. Msalaba umeoza zamani, na shamba lote limelimwa na kulimwa tena. Anaogopa kwamba kura ikishachukuliwa, mtu atajenga choo juu ya Mama.

Omba ruhusa uje. Watoto wanakusalimu.

Dada yako,
Wacera

*

Loiyangalani, Ziwa Rudolf
9 Februari 1971

Dada Wacera,

Nimesoma barua yako nimejibanza nyuma ya jiwe, maana hapa ukifungua karatasi mahali pa wazi upepo unaichukua kabla hujajua imetoka kwa nani. Upepo huu unatoka mlimani usiku na kutwa. Jana uling'oa hema la mwenzangu Joseph likaenda ziwani kama bata, naye akalifuata huku akilitukana kwa Kiluhya.

Siwezi kuja, dada. Nitakueleza ili umweleze Baba. Mwaka jana ndege ilipita juu ya pwani hii ya mashariki ikaipiga picha. Lakini picha haisemi kila kitu. Haijui kutenganisha jabali na kivuli chake, wala chemchemi ya maji matamu na dimbwi la magadi. Kwa hiyo sisi tunatembea kwa miguu, rasi kwa rasi, ghuba kwa ghuba, ngamia wakibeba maji na vyombo. Chini ni mawe meusi yaliyotemwa na moto zamani, makali kama vigae. Kiatu hakimalizi mwezi. Tukifika kilele tunajenga nguzo ya mawe, tunasimamisha darubini ya kupimia, tunatazama nguzo nyingine ng'ambo ya ghuba. Lazima tufanye alfajiri, kwa sababu jua likipanda joto linaitikisa nchi yote mpaka mlima unacheza. Na lazima tumalize kabla ya mvua, la sivyo lori halitavuka jangwa.

Ni pwani nzuri, lakini haina harufu. Unajua ninachokikumbuka? Ukungu wa asubuhi pale laini, kwenye vibanda vya wafanyakazi, na wewe ukinibeba kwenda kupanga foleni ya maziwa yaliyoondolewa mafuta. Harufu ya miberoshi iliyolowa. Mama simkumbuki uso. Nakumbuka shuka tu, la rangi ya udongo.

Nisikilize sasa. Sihitaji kuwapo ili nimpate. Kama mtu amesimama mahali, akaona kitu cha karibu kimekaa sawasawa mbele ya kitu cha mbali, basi yuko kwenye mstari mmoja na hawezi kuwa nje yake. Akigeuka akaona vitu vingine viwili vimefunikana, yuko kwenye mstari wa pili. Mistari miwili hukutana mahali pamoja tu. Hivyo ndivyo tunavyoipata kila rasi huku.

Muulize Baba: siku ile ulisimama kaburini. Uliinua macho. Nini kilikuwa mbele ya nini?

Ndugu yako,
Gerishon Kiarie

*

Yamumbi
2 Machi 1971

Ndugu yangu,

Nilimsomea Baba barua yako jikoni. Uji wake ukashika ngozi bila kuguswa. Nikadhani amekasirika kwa kuwa huji. Kisha akasimama hapo hapo kando ya jiko, akavua kofia, akainamisha kichwa. Watoto wakaacha kula.

"Mchungaji amemaliza kuomba," akasema. "Nainua kichwa. Naona nyumba ya Bwana Kofia kule chini. Bomba lake la moshi limeingia ndani ya pengo la milima ya Nandi, kama jino kwenye fizi. Moshi unatoka. Wanapika, na mimi mke wangu yuko chini."

Nikamwambia, "Baba, geuka. Ile pande nyingine?"

Akageuka polepole. Ilibidi nimshike mkono asikanyage moto. "Josho la ng'ombe. Nguzo ya lango lake imesimama mbele ya ule mtarakwa mkubwa wa ukingoni. Siuoni mti, nguzo imeuficha, naona matawi tu yametoka huku na huku. Kipyego yuko karibu yangu. Ameshika jembe langu kwa sababu mikono yangu haina nguvu."

Unamkumbuka Kipyego? Yule Mnandi aliyeendesha maksai wa kulima, na baadaye trekta. Mkewe Rael alikuwa mkamuaji, na alipokuwa akikuona unalia alikuchotea maziwa yenyewe, yale yenye mafuta, kwenye kifuniko cha mkebe.

Miaka ishirini, Kiarie, na mtu huyu ameyabeba yote hayo kichwani kama debe la maji, hata tone halijamwagika. Aliketi tena akaniomba uji wa moto.

Nyumba ipo, kamati imeifanya ofisi. Nguzo ya josho ipo. Mtarakwa upo. Sasa niambie la kufanya.

Baba anakushukuru kwa picha ndogo uliyochora ya kambi. Anasema kalamu yako ni nyembamba sana, siku nyingine uandike kwa kalamu nene. Vumbi la mabua linamsumbua macho.

Wacera

*

Loiyangalani
20 Machi 1971

Dada Wacera,

Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka Joseph akaniuliza kama nimepata mchumba. Nikamweleza. Naye alizikiwa baba yake akiwa huku huku kazini. Akaniletea chai.

Fanya hivi. Tafuta miti mirefu iliyonyooka na vitambaa vyeupe. Tembea juu ya mabua mpaka bomba la moshi likae ndani ya pengo, sawasawa kama alivyosema, lisiguse ukingo wowote. Simika mti. Endelea mbele ukiangalia lile lile, simika mwingine. Huo ni mstari wa kwanza. Kisha fanya vivyo hivyo kwa nguzo na mtarakwa. Mtu mmoja afuate mstari mmoja, mwingine ule mwingine, mkutane. Chagua asubuhi isiyo na ukungu, milima ya Nandi ionekane.

Ndani ya bahasha hii nimeweka mchoro wa pwani kwa ajili ya Baba, kipande tulichomaliza, kwa kalamu nene. Ile rasi ndefu iliyopinda kama kidole ndiyo tuliyoihangaikia zaidi. Haikuwa na jina kwenye ramani yoyote ya zamani. Nikiwa peke yangu kule juu, nilifikiri kuandika Rasi ya Nyaguthii, kwa jina la Mama. Nani angeniuliza? Kalamu ilikuwa mkononi. Jioni, mzee mmoja mvuvi alikuja kambini kuuza samaki, nikamuuliza kwa kupitia mkalimani kama pale mahali pana jina. Akashangaa. Akasema pana jina tangu babu wa babu yake, ni mahali ambapo mamba hutaga. Nikaandika jina hilo alilonipa. Nadhani Mama angefanya hivyo.

Jambo moja. Zamani Baba alikuwa akiandika jina lake mwenyewe chini ya barua zako, kwa zile herufi kubwa alizofunzwa kanisani. Mwaka huu hajaandika hata mara moja. Amenikasirikia?

Gerishon

*

Yamumbi
11 Aprili 1971, Jumapili ya Pasaka

Kiarie,

Hajakukasirikia. Baba haoni.

Nilikuficha na si yeye aliyeniambia nifiche, ni mimi. Ilianza mwaka juzi kama ukungu. Daktari wa Eldoret alisema jicho moja limekufa na la pili linakwenda. Sasa anajua mchana na usiku tu. Nilifikiri: Kiarie akijua ataacha kazi, na kazi yenyewe ndiyo fahari ya mzee huyu. Kila anayepita hapa anaambiwa kwamba mwanawe anaichorea serikali nchi.

Mchoro wako ulipofika aliushika, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya wino kama anatafuta kovu. Hakupata kitu. Akaukunja akautia mfukoni. Niliona aibu mpaka nikatoka nje.

Usiku ule niliuchukua. Nilitandika kitambaa cha meza, nikaufuata mchoro wako kwa uzi wa sufu: maji kwa mshono laini, pwani kwa mshono mnene wa kamba, milima kwa mafundo juu ya mafundo. Asubuhi nikamwekea magotini. Kidole chake kikaanza kusini, kikapanda, kikaingia kwenye ghuba, kikatoka. Kwenye ile rasi kikasimama. "Hapa mwanangu alipanda?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Ni pabaya," akasema, na akacheka. Tangu siku hiyo anakwenda nacho kanisani.

Sasa lile la kaburi. Tulifanya kila kitu ulichosema, mimi na Wamucii. Milima ilionekana vizuri, pengo lilikuwa wazi. Tulifuata mistari yetu tukiwa na vitambaa vyeupe na watu wa kamati wakitucheka. Mistari ilikutana kwenye bwawa la matete, Kiarie. Ndani ya maji. Hakuna anayezika mtu pale.

Nilirudi kumwambia. Alisema tu, "Basi nimesahau. Nilidhani sijasahau." Tangu hapo hali chakula vizuri. Kura ni mwisho wa mwezi.

Wacera

*

Kambini
5 Mei 1971

Dada Wacera,

Sitaandika juu ya macho ya Baba. Nimejaribu, nimeshindwa. Nimefurahi tu kwamba ile rasi ameipanda.

Samahani kwa mwandiko. Wenzangu wamekwenda kaskazini kumaliza kipande cha mwisho, mimi nimebaki kupiga hesabu, na naandikia mahali pabaya.

Baba hajasahau. Mtu anayekumbuka nani alishika jembe hawezi kusahau alichokiona. Nikuambie kilichotupata huku. Tulikuwa na ramani ya zamani iliyochorwa na Wazungu waliopita, nayo ilionyesha maji mahali ambapo sisi tulisimama pakavu, tena mbali na ufuko. Tukawadharau, tukasema walichora wakiwa wamelala. Mzee yule mvuvi akatuambia hapana, ziwa ndilo lililokuwa pale, limerudi nyuma. Wao walikuwa sawa na sisi tuko sawa. Kilichosogea ni ufuko.

Kwa hiyo jiulize kimesogea nini. Milima ya Nandi haijasogea. Mtarakwa haujasogea. Nguzo ya josho ikioza hubadilishwa palepale, shimo likiwa lile lile. Nyumba je? Una hakika bomba lile la moshi ndilo lililotoa moshi siku ile? Tafuta mtu aliyekuwa hapo sisi tulipoondolewa.

Gerishon

*

Yamumbi
30 Mei 1971

Kiarie,

Nianze na la furaha au la hasira? Nitaanza na la furaha, ili ulisome ukiwa bado unanipenda.

Nilikwenda Cheptiret kumtafuta Mama Rael Jemutai. Kipyego alikufa, na yeye anakaa kwa mwanawe nyuma ya maduka ya barabarani, anauza maziwa lala kwa vibuyu. Nilipotaja jina la Baba alinishika uso kwa mikono yote miwili. Tukanywa, tukakumbushana: filimbi ya Bwana Kofia, wimbo wa wapuraji wa ngano, jinsi Mama alivyokuwa akimfunza kusuka kiondo naye akimfunza kukamua bila kuogopa teke. Nikamuuliza juu ya nyumba.

"Nyumba gani?" akasema. "Ile iliungua mwaka uleule mliochukuliwa. Bwana akajenga hii mpya pembeni. Ya zamani ilikuwa pale penye mikaratusi michanga."

Alikuja nami kwa miguu yake. Tulikwatua chini ya mikaratusi tukapata matofali meusi ya meko ya zamani. Tulisimika mti mrefu juu ya matofali, nikarudi juu kwenye mabua, nikautazama mpaka ukaingia kwenye pengo. Mstari ukahama. Safari hii ulikutana na ule mwingine kwenye rundo la mawe, yale marundo yaliyoko kila mahali, tuliyodhani yalitupwa na walimaji.

Mama Rael akaketi chini kabisa. Akasema, "Kipyego alikuwa na rundo moja ambalo hakulipita na jembe. Akifika hapo anainua, anazunguka. Bwana akimuuliza anasema kuna mwamba. Kila mwaka anaongeza mawe. Aliniambia mke wa Waweru yumo, lakini marundo ni mengi, sikujua ni lipi. Alisema wakirudi watauliza."

Kisha akatazama vigingi vya kampuni, akaniambia bila ukali, "Nyinyi mlichukuliwa, mkarudi, mkanunua. Sisi tulikuwa hapa kabla ya Bwana. Hakuna aliyetuuliza kama tunauza." Nilimsindikiza hadi barabarani.

Sasa la hasira. Kura imechukuliwa. Baba alipata ploti ya mtoni, udongo mweusi, maji hayakauki. Watu walimwonea wivu. Rundo la mawe limeangukia kwa Mama Nabwire, yule anayeuza samaki mjini, ploti ya juu, kavu, imejaa kokoto. Nabwire ni mtu wa haki. Alisema, "Kaburi libaki. Njia iko wazi, njooni mchana wowote, sitapanda hata mhindi mmoja karibu." Nikamshukuru. Nilidhani yamekwisha.

Baba akasema, "Tubadilishane ploti."

Nani atalima kokoto zile? Ni mimi. Ndoa yangu ilivunjika, nilirudi kwa baba yangu na watoto wawili na sufuria, na ule udongo wa mtoni ndio ulikuwa shule yao. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Niliishi kwenye shamba la mtu. Nyaguthii alizikwa kwenye shamba la mtu. Sitamwacha kwenye shamba la mtu tena." Hatujasemeshana siku nyingi.

Na wewe. Joseph alipita hapa akielekea kwao likizo. Alibeba salamu zako. Nilimuuliza, "Hesabu zake zinaendelea vipi?" Akatazama kikombe. "Dada," akasema, "hakukuambia? Gerishon alianguka jabalini mwezi wa nne. Mguu ulivunjika mahali pawili. Yuko kwenye zahanati ya misheni, anaandika amelala chali."

Tumefanana, ndugu yangu. Ningekuwa karibu ningekupiga, kisha ningekukanda.

Wacera

*

Zahanati, Loiyangalani
18 Juni 1971

Dada yangu,

Joseph hajui kufunga mdomo, na ninamshukuru.

Nilikuwa naishuka ile rasi, jua limekwisha panda, nimechelewa kwa sababu nilitaka kuangalia mara ya mwisho. Jiwe lilitoka chini ya kiatu. Wenzangu walinibeba juu ya ngamia, na huo ndio uchungu halisi, si kuanguka. Sister wa misheni anasema nitatembea, ila nitachechemea, na kazi ya vilele imekwisha kwangu. Nikitoka nitapelekwa Nairobi kukaa kwenye meza ya kuchora. Nilikuficha kwa sababu ile ile uliyonificha. Tusifanye tena.

Nimelala nikitazama dari la makuti na kufikiria maneno ya Baba. Yeye ana haki. Wewe pia una haki, na yako inakula na kuvaa. Mimi si wa kuamua, maana si mimi nitakayeshika jembe. Lakini kuna kitu kimoja kilicho changu. Mimi ndiye mwana wa kiume, na siku Baba atakapoondoka kila mtu atasema shamba ni la Kiarie, la mtoni au la mawe. Nimeandika barua kwa kamati, chifu wa hapa ameshuhudia. Nimesema shamba la Waweru liandikwe kwa jina la Wacera binti Nyaguthii, ploti yoyote mtakayokubaliana. Baba nimemwandikia pia, umsomee hata kama mmenuniana.

Amua ukiwa mwenye shamba, si ukiwa mgeni wa Baba. Ukikataa kubadilishana, nitakuunga mkono mbele yake.

Gerishon

*

Yamumbi
10 Julai 1971

Kiarie,

Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Rudia pale pa jina." Nikarudia. Akasema, "Ni sawa," akaomba ugoro wake.

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye kamati na barua yako. Mwenyekiti aliisoma, akaigeuza nyuma kutafuta mwanamume. Hakumpata. Wakabishana hadi chai ikaisha, mwishowe karani akaandika jina langu. Nilitoka pale nikaenda kusimama mtoni peke yangu. Nilichota ule udongo mweusi. Ni mzuri, Kiarie. Unashikana kama unga wa ngano.

Kisha nikapanda juu kwenye kokoto. Nabwire alikuwa pale akipima mahali pa kuchimba kisima, na uso wake ulikuwa umechoka, maana aliambiwa atachimba sana. Mtoto wake alikuwa amelala kivulini mwa mawe ya Mama. Nikasimama. Mtu akinilazimisha kutoa, nashika. Lakini sasa kilikuwa changu, na nikajikuta najiuliza Mama angelala wapi kama yeye ndiye angechagua. Alikuwa mtu wa kupenda kuona mbali. Pale juu unaiona milima yote.

Nilimwambia Nabwire, "Chukua mtoni." Aliuliza kama nina akili timamu. Kisha akasema nitachota maji kwake mimi na watoto wangu na wajukuu wangu, na hilo akataka liandikwe kwa karani, likaandikwa.

Usidhani nimekuwa malaika. Usiku nililia kwa ajili ya ule udongo, na nikipita pale bado nageuza uso. Mama Rael anasema kokoto hazichukii viazi, na ameahidi kuniletea mtamba akizaliwa.

Jumamosi tulimpeleka Baba. Lakini hayo amesema atakuambia mwenyewe. Ananisubiri nimwandikie, na ameagiza nisiongeze neno langu hata moja.

Wacera

*

Yamumbi
25 Julai 1971

Kwa mwanangu Kiarie,

Ni mimi baba yako, Waweru. Mkono ni wa Wacera.

Nimesikia juu ya mguu. Mtu wetu mmoja hapa alivunjika mguu akiwa msituni na leo anapanda baiskeli. Kunywa supu ya mifupa. Usiogope meza ya Nairobi. Nchi inachorwa hata na aliyeketi.

Walinipeleka. Walitaka kunishika mkono huku na huku, Wacera na binti mkubwa wa Nabwire, na Rael mke wa Kipyego nyuma akisema polepole, polepole. Tulipofika kwenye mabua niliwaambia waniachie. Nilisikia upepo unatoka upande wa pengo, kama siku ile. Nilisikia mtarakwa. Ule mti una sauti yake. Nikatembea. Fimbo yangu ikagonga jiwe la kwanza, nikapiga magoti, nikayapapasa mawe. Kipyego aliyapanga vizuri, makubwa chini na madogo juu, hayo si mawe ya kutupa. Nililia kwa ajili yake kwanza. Sikuwahi kumwambia ahsante, na yeye hakungoja.

Kisha nikazungumza na mama yako. Nilimwambia tumechelewa kwa sababu lori lilitupeleka mbali. Nikamwambia Wacera sasa ana shamba, limeandikwa kwa jina lake, na nusu ya jina hilo ni Nyaguthii. Nikamwambia wewe umetembea kando ya bahari isiyo na mwisho katika nchi ya mawe, ukaiweka kwenye karatasi, na dada yako akaiweka kwenye kitambaa ili mimi niione. Nilikuwa nacho mfukoni. Nilikitandika juu ya mawe kwa muda, halafu nikakichukua, kwa sababu bado nakihitaji.

Sasa nakwenda kila siku. Mwanzoni Wamucii alikuwa akinifuata kwa siri nyuma, nikisikia anavyovunja mabua. Siku hizi ameacha. Natoka mlangoni, nashuka kwenye mikaratusi, nagusa lile tofali la meko, napanda upepo ukiwa kwenye shavu la kushoto. Sijapotea hata mara moja.

Ukitoka hospitali usikimbilie Nairobi. Pitia nyumbani kwanza. Wacera anasema hukupelekwa kaburini ulipokuwa mdogo, na ni kweli, nilisema mtoto asione. Nilikosea. Njoo na fimbo yako, mimi nina yangu. Usimuulize mtu njia. Mimi nitakupeleka.

Baba yako,
WAWERU

(Jina hili ameliandika mwenyewe. — W.)